MC haifunguki, bima imekwama

Msambaa, Columbus:
Wakuu, habari za wikiendi. Nafungua kampuni yangu ya lori hapa Marekani: LLC (kampuni yenyewe) ninayo, EIN (namba ya kodi ya kampuni) ninayo, dola 300 za MC (kibali cha kubeba mizigo ya watu kati ya majimbo) nimelipa, BOC-3 (fomu ya mawakala wa kunipokelea hati za kisheria) imeingia. Wakala wa bima katuma BMC-91X (fomu ya kuthibitisha bima) kwa jina langu badala ya jina la kampuni, kwa hiyo kwenye mfumo bima haionekani kabisa. Malipo ya awali keshakata, simu hapokei, lori limelala yadi. Aliyepatwa na hili, ulisahihisha fomu tu au ulianza maombi upya na kulipia tena?

Binti Pwani, Houston:
Pole sana kaka. Na hata ikifunguka, madalali wengi wa mizigo hawaipi mzigo MC changa mpaka ifikishe siku 90. Mume wangu alianzia lizi ya kununua lori: kampuni inakupa lori, unakatwa kila wiki.

Mzee wa Gerezani, Minneapolis:
Dada, usimpoteze mwenzio. Lizi hiyo ni hesabu ya tajiri ileile ya daladala. Unakatwa lori, bima, mafuta, dhamana, ukifika chini ya karatasi ya malipo unadaiwa wewe. Januari 2025 kamati ya serikali iliyochunguza mikataba hii ilishauri ipigwe marufuku. Na watu wakidhani tunafungua kampuni kwa ajili ya pesa tu, wanakosea. Mimi nilikaa kutwa kwenye ghala la Laredo nikisubiri kupakua, bila malipo, mama anazikwa Dar, na dispacha, yule anayetupangia safari, ananiambia kuna mzigo mwingine wa Atlanta. Hapo ndipo nilipoamua.

Binti Pwani, Houston:
Pole kwa msiba, mzee wangu, ila usitusemee wote. Kwetu ni pesa hasa. Senti anazolipwa dereva kwa kila maili hazikupanda, kodi ya nyumba ilipanda, na ada za shule za wadogo wa mume wangu kule Muheza zinamsubiri yeye. Halafu hamsemi kwamba ukiacha W-2, yaani ajira ya mshahara, bima ya afya ya watoto inakwenda nayo.

Kijana wa Majengo, Dallas:
Mimi nilianza na bodaboda Moshi, ya mkataba. Siku tajiri aliponikabidhi kadi ya pikipiki niliipeleka nyumbani, mama akaiweka kabatini pamoja na vyeti vya shule. Kipato hakikubadilika sana, lakini nikiumwa nalala, hakuna wa kunifokea. Vijana wa kijiweni kwetu wanataka hilohilo. Wanaambiwa kuna mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa vijana, wakienda wanazungushwa.

Mzee wa Gerezani, Minneapolis:
Si 10 kwa vijana. Ni 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024.

Kijana wa Majengo, Dallas:
Sawa mzee, 4. Hata hiyo 4 kijiweni haijafika.

Msambaa, Columbus:
Nawashukuru wote. Wakala bado hapokei. Hivi BMC-91X naweza kuomba itumwe na wakala mwingine huku ya kwanza haijafutwa?