Ulinganisho: A Confederacy of Dunces, Catch-22 au Three Men in a Boat kwa kikundi cha kusoma?

Kibuyu_Kitupu (mleta mada)
Wakuu, salaam. Kikundi chetu cha kusoma kinataka riwaya ya kuchekesha, vitabu vya kuliza vimetuchosha. Zimebaki tatu mezani: A Confederacy of Dunces ya John Kennedy Toole, Catch-22 ya Joseph Heller na Three Men in a Boat ya Jerome K. Jerome. Inayonipa kizunguzungu ni hiyo ya kwanza. Ilipata tuzo ya Pulitzer mwaka 1981, lakini ukisoma maoni ya wasomaji ni nyota tano au nyota moja, katikati hakuna mtu. Huyu kacheka mpaka abiria wenzake wamemshangaa, yule kaifunga kabla ya ukurasa wa 50. Keshokutwa nalipia. Tuchukue ipi?

Mzee_wa_Kurasa
Mleta mada, hapo ni sawa na kuuliza bei ya gari bila kusema unabeba abiria au matofali. Mko wangapi? Mnakutana kila baada ya muda gani? Kiingereza cha wenzako kikoje, hasa kile cha mitaani? Mnanunua vya karatasi au mnasomea kwenye simu? Bila hayo kila mtu hapa atakupigia debe la kitabu anachokipenda yeye.

Shomvi
Na mimi naanza kupiga debe langu: Three Men in a Boat. Ni ya 1889, haki miliki yake imekwisha, unaishusha bure Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, kihalali kabisa. Sura 19, nyingi fupi. Msikae kikao kizima mkibishana muanzie wapi. Wasomeeni watu sura ya 3, pale Mjomba Podger anapotundika picha ukutani na kuwafanya watu wote wa nyumba vibarua wake, kisha sura ya 12, ile ya kopo la nanasi lisilo na kifungulio. Asiyecheka hapo, kitabu hicho si chake.
Kasoro yake naijua. Kila baada ya kurasa kadhaa Jerome anaacha mzaha na kuanza kuhubiri historia ya Mto Thames. Mwisho wa sura ya 11 kuna maelezo marefu ya Runnymede na Magna Carta. Rukeni, hampotezi kitu.

Bi_Kaskazi
Shomvi, hicho ni kitabu cha kutabasamu, mwenzako anataka cha kucheka.
Mleta mada, nikueleze kwa nini Confederacy inagawanya watu, maana sababu yenyewe iko wazi. Mhusika mkuu, Ignatius J. Reilly, ana miaka 30, ana shahada ya uzamili, hana kazi, anaishi na mama yake Mtaa wa Constantinople mjini New Orleans, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mkubwa wa mwili, kofia ya kuwindia ya kijani yenye vifuniko vya masikio, na vali ya tumbo ambayo hujifunga kila dunia inapomuudhi. Mwongo, mlafi, mvivu, anamdharau kila mtu. Na habadiliki. Msomaji anayesubiri atubu, au apate japo siku moja ya kumhurumia, atasubiri kurasa 400. Hao ndio wanaotoa nyota moja. Wanaotoa tano walishaelewa mapema kwamba huyu hakuwekwa apendwe, kawekwa awe mwamba ambao watu wengine wote wanajikwaa.
Jingine ni kwamba kichekesho chake hakimo kwenye matukio, kimo kwenye sauti. Ignatius anazungumza kama padri wa karne ya 12 anayemkemea mfalme, mama yake anamjibu kwa Kiingereza cha uswahilini cha New Orleans. Ukiisoma kimya na haraka, nusu ya vichekesho inakupita.

Kibuyu_Kitupu (mleta mada)
Shukrani. Tuko kumi na moja, tunakutana kila baada ya wiki mbili, tunataka vya karatasi. Muuzaji wa vitabu vya mtumba anazo nakala nne tu za Confederacy, ameniambia nyingine "atazitengeneza".

Nyuki_wa_Molo
"Atazitengeneza" maana yake ni fotokopi. Kimbia!
Kuna kikundi kiliuziwa hizo, nami nikaletewa moja niikague. Muuzaji alikuwa ameskani kitabu, akakipitisha kwenye programu ya kugeuza picha kuwa maandishi, kisha akachapa na kubandika jalada zuri. Kwa riwaya ya kawaida ungevumilia. Kwa hii ni balaa, na sababu yake ni hii: Toole anaandika matamshi ya watu jinsi yalivyo. Burma Jones, mfagiaji wa baa, anadondosha herufi za mwisho, "vagrant" inakuwa "vagran". Mama yake Ignatius anasema "communiss". Sasa programu ikikutana na neno kama hilo inalisahihisha, na ikikutana na neno zima inaliharibu. Matokeo yake msomaji hajui hili ni kosa la mashine au ndivyo mtu anavyoongea. Mzaha unakufa hapo hapo.
Hasara ya pili ni mpangilio. Ndani mna shajara za Ignatius, barua zake na rafiki yake Myrna Minkoff wa New York, na barua ya matusi anayoiandika kwa jina la mwajiri wake. Kwenye kitabu halisi zimetengwa, unaona mara moja nani anasema. Kwenye ile fotokopi kila kitu kilikuwa kimeunganishwa. Watu wakadhani mwenye kiwanda, Bwana Levy, ndiye aliyeandika yale matusi kwa mteja wake Abelman, na kesi nzima ya nusu milioni ya dola inayofuata ikawa haieleweki. Tena namba za Kirumi zinazogawa kila sura zilikuwa zimeyeyuka. Kikundi kilifika sura ya 5 kikavunja mjadala, wakahitimisha kwamba mwandishi hajui kupanga kazi. Mwandishi wa watu hana hatia!
Kabla ya kulipa, fungua katikati. Ukikuta barua imeshikana na maelezo ya kawaida, rudisha.

Mlandege
Mimi napinga kitabu chenyewe, sio nakala. Jones, Mweusi pekee mwenye nafasi kubwa, kapewa miwani myeusi, moshi wa sigara na ufagio. Mashoga wa French Quarter, mtaa wa zamani wa New Orleans, wamechorwa kama vikaragosi wa sherehe. Myrna ni Myahudi wa kuchekwa. Halafu eti kazi bora. Kundi la watu kumi na moja haliwezi kukosa mtu wa kuumia, na ana haki yake.

Bi_Kaskazi
Mlandege, kuhusu hiyo sherehe ya mashoga, ya Dorian Greene, sikubishii, ukurasa ule umezeeka vibaya. Ila Jones msome tena. Analipwa chini ya kima cha chini cha sheria kwenye baa ya Night of Joy, na hawezi kuondoka kwa sababu akikosa kazi polisi watamkamata kwa uzururaji. Mwenye baa, Lana Lee, anajua hilo na ndicho anachomfungia nacho. Jones analijua pia, analisema waziwazi, kisha anaanza kumhujumu kidogo kidogo kutoka ndani. Katika kitabu chote ndiye pekee anayeona mambo yalivyo. Ignatius anaitisha maandamano ya wafanyakazi Weusi wa Levy Pants, kile kiwanda cha suruali, kwa ajili ya kumkoga Myrna, na yanafia mlangoni. Jones hana bango wala hotuba, na mtego wake ndio unaonasa. Hayo si ya bahati mbaya.

Mlandege
Mwenye hekima aliyepewa ufagio bado ana ufagio, dada. Ninachosema ni kwamba kicheko kinatoka kwenye matamshi yake. Wapo wasomaji wanaomcheka yeye, hawamcheki Lana Lee.

Bi_Kaskazi
Wapo, ndiyo. Hilo nakupa.

Shomvi
Wala msisahau kosa kubwa zaidi: haina msuko! Kaajiriwa hapa, kafukuzwa, kauza soseji, kazila mwenyewe, basi. Unaweza kukata sura ya katikati asijue mtu.

Mzee_wa_Kurasa
Hapana Shomvi, hapo umesema usichokichunguza. (Wasiopenda kudokezewa waruke hii.)
Chukua kitu kimoja tu ukifuate: nakala ya Boethius ya Ignatius, Faraja ya Falsafa, kitabu kilichoandikwa gerezani karne ya 6. Ignatius anamwazima polisi Mancuso. Mancuso amepewa adhabu ya kuvizia wahalifu kwenye choo cha kituo cha mabasi, anakisomea humo huku mafua yakimzidi. Kijana anayeitwa George anamnyang'anya. George ndiye msambazaji wa bahasha za siri za Lana Lee, kwa hiyo kitabu kinatua kwa Lana, naye anakitumia kama pambo kwenye picha zile asizotaka polisi wazione. Ignatius anaiona picha, anaamini amempata mwanamke msomi mwenzake, na hicho ndicho kinachompeleka baa usiku ule ambao nyuzi zote zinakutana, kasuku akiwemo.
Kitabu kimoja, mikono minne. Ndivyo msuko wake unavyofanya kazi, kupitia vitu na kukutana kwa watu wasiojuana. Kofia, barua, mkokoteni wa soseji, vyote vina njia zake. Ukitafuta "shujaa alitaka hiki, akazuiwa na kile" hutauona. Andika majina ya watu kwenye karatasi, uchore mshale kila kitu kinapobadilisha mikono. Kufika sura ya 8 utakuwa na utando wa buibui.
Na utamu mwingine: Boethius anafundisha kuipokea Bahati na gurudumu lake kwa utulivu. Ignatius amekisoma kitabu hicho maisha yake yote, na kila soseji ikidondoka anamlaumu huyo Bahati.

Shomvi
Mhariri wa kampuni ya uchapishaji ya Simon & Schuster aliona kama mimi. Robert Gottlieb alimwandikia Toole kwamba kitabu hakina hoja inayokibeba. Sijajitungia.

Mtu_wa_Pianosa
Umemtaja Gottlieb, basi zamu yangu imefika. Ndiye huyo huyo aliyehariri Catch-22, riwaya ya wanajeshi wa anga wa Marekani kwenye Vita Kuu ya Pili, iliyotoka 1961. Kwa hiyo mleta mada, vitabu viwili kati ya vitatu vyako vimepita meza moja. Catch-22 ina sura 42, nyingi zimepewa majina ya watu, na muda umevurugwa makusudi. Watu hukata tamaa hapo. Dawa yake ni rahisi: tazama idadi ya safari za kivita ambazo Kanali Cathcart anazidai. Zikiwa 45 uko nyuma, zikiwa 60 uko mbele. Iandike pembeni kila sura. Tena kisa cha Snowden, askari anayekufa ndani ya ndege, kinarudi mara kadhaa, kila mara kimeongezwa kipande. Asiyejua hilo anadhani mwandishi anajirudia.
Ila muonywe: kinaanza kwa kicheko, theluthi ya mwisho ni giza. Mlisema mmechoka kulia.

Nyuki_wa_Molo
Kuhusu Gottlieb tuwe waadilifu. Hakumfukuza mtu. Walibadilishana barua tangu 1964, akimsifia kipaji na kumtaka arekebishe, mpaka Toole mwenyewe akaacha mwaka 1966. Toole alijiua Machi 1969, akiwa na miaka 31. Mama yake, Thelma, ndiye aliyezunguka na mswada mpaka kwa mwandishi Walker Percy, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Loyola mjini New Orleans, 1976. Percy anaeleza kwenye dibaji kwamba alipewa nakala ya kaboni iliyofifia, akaomba kimoyomoyo iwe mbaya ili aachane nayo mapema. Ikachapwa 1980 na Louisiana State University Press, nakala 2,500 za mwanzo.

Mlandege
Ndiyo maana nasema ile Pulitzer ilikuwa ya huruma. Marehemu, mama mzee, kaboni. Nani angeinyima?

Mzee_wa_Kurasa
Huruma inaweza kutoa tuzo, haiwezi kufanya kitabu kiendelee kuchapwa zaidi ya miaka 40. Ila dibaji isomwe mwisho. Ukianza nayo unaingia kwenye riwaya kwa uso wa msibani, na kicheko hakiji.

Kibuyu_Kitupu (mleta mada)
Ratiba je? Tukichukua Confederacy.

Bi_Kaskazi
Sura 14. Kikao cha kwanza sura 1 na 2, baadaye tatu tatu, vikao vitano vinatosha. Msihukumu kabla ya Ignatius kuajiriwa Levy Pants, maana mwanzo wote ni wa kupanga watu: saa ya duka la D. H. Holmes, baa, kisha mama anagonga jengo kwa gari na deni la dola 1,020 linamlazimisha kijana atafute kazi. Kazi yake ya kupanga mafaili, anayoifanya kwa kuyatupa, ndicho kipimo. Hapo mtu anacheka au hacheki kabisa.
Na kila kikao gaweni sauti: mmoja Ignatius, mmoja mama yake Irene, mmoja Santa Battaglia rafiki wa mama, mmoja Jones. Someni ukurasa mmoja kwa sauti kabla ya mjadala. Asome Jones anayejua kuacha vituo, siyo wa kuigiza lafudhi kwa kejeli, la sivyo Mlandege atakuwa sahihi.

Mtu_wa_Pianosa
Kuna mtu anajua filamu ya Confederacy imekwama wapi? Tangu miaka ya 1980 wanaijaribu, haijatoka.

Nyuki_wa_Molo
Ilipanda jukwaani Boston 2015, Nick Offerman akiwa Ignatius. Kwa filamu sioni njia. Ukimtoa kwenye shajara zake anabaki mtu mnene anayepiga kelele.

Shomvi
Kama mchekeshaji yeyote wa kwenye simu siku hizi.

Mtu_wa_Pianosa
Sanamu ya shaba ya Ignatius si ipo Mtaa wa Canal, pale lilipokuwa duka la Holmes? Na kofia yake na kila kitu. Waigizaji hawawezi kushindana na shaba.

Kibuyu_Kitupu (mleta mada)
Nimewasoma wote. Nalipia zile nne halisi kwanza, saba waliobaki waanze na Jerome ya bure mpaka nipate nyingine. Au nizungushe zile nne kwa zamu?

Mzee_wa_Kurasa
Kwa zamu mtamaliza mwakani. Na swali la Kiingereza cha mitaani hukulijibu mpaka sasa.

Mlandege
Hizo nne umezifungua katikati?