Mrejesho: Farasi wangu aliyeogopa ng'ombe

Wakuu, mwezi uliopita niliomba ushauri: farasi wangu wa miaka 4, hapa Usa River, akiona ng'ombe njiani anageuka na kutimua mbio. Asanteni sana. Nilianza kumtoa pamoja na farasi jike mzee aliyezoea mifugo, huyo jike akatangulia. Tukawa tunasimama mbali, pale anapoanza tu kusimamisha masikio. Namlegezea hatamu atazame mpaka ashushe kichwa na kulamba midomo, yaani ametulia, ndipo tunasogea. Kilichosaidia zaidi ni kulifuata kundi la ng'ombe kwa nyuma: akiona wao ndio wanaoondoka, ujasiri unamjia. Jana tulipishana na ng'ombe wa Wamasai, kengele zinalia. Akatetemeka bega, akapita. Nilimkumbatia shingo. Mbuzi bado anawaogopa, hasa wakichomoka vichakani.