Mdogo wangu anatafuta ushauri nasaha miaka 12 baada ya kunajisiwa

Dada wa Malindi ameuliza:
Salaam kwenu nyote. Mdogo wangu ana miaka 24, na mwezi uliopita alinieleza kwa mara ya kwanza kwamba alipokuwa na miaka 12 alinajisiwa na jamaa yetu ambaye mpaka leo tunakutana naye arusini na matangani. Hapati usingizi, na juzi ameacha kazi bila kumwambia yeyote sababu. Nilimpeleka zahanati iliyo karibu nasi, na aliyetupokea akamuuliza, mbele ya watu waliopanga foleni, tukio lilitokea lini. Alipojibiwa, alisema kwamba huduma hiyo ni ya wanaofika ndani ya saa 72, akatuelekeza kituo cha polisi. Mdogo wangu hataki polisi kwa sasa. Anataka mtu wa kuzungumza naye ambaye hamjui mama yetu. Je, ni kweli amechelewa? Na ni lazima ashtaki ndipo apate ushauri nasaha?

Muuguzi wa Pwani amejibu:
Poleni sana, dada. Aliyewapokea alichanganya mambo mawili. Saa 72 ni muda wa kuanza dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi, ambazo humezwa kwa siku 28. Zile za dharura za kuzuia mimba zina ukomo wa saa 120. Ushauri nasaha hauna ukomo. Nimewahi kuketi na mama mwenye wajukuu akinisimulia yaliyompata kabla hajavunja ungo.

Ama kuhusu polisi, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya Kenya ya mwaka 2006, pamoja na kanuni za matibabu za mwaka 2012, inampa manusura haki ya kuhudumiwa bure katika hospitali ya umma, ushauri nasaha ukiwemo, na huduma hiyo haingoji ripoti ya polisi. Fomu ya P3, ile ya polisi ya kurekodi majeraha, ni ya kesi, si ya matibabu. Kasoro yetu, na nasema haya nikiwa ndani ya kazi, ni kwamba tumezipanga huduma hizi kwa ajili ya dharura, hata mtu asiye na jeraha la kuonekana huzungushwa dirisha hadi dirisha. Kwa hiyo nendeni hospitali kubwa, muulizie kituo cha manusura wa dhuluma za kijinsia. Hospitali Kuu ya Pwani, Mombasa, inacho. Nambari 1195, simu ya msaada kwa manusura wa dhuluma hizo, nayo hupigwa bila malipo, usiku na mchana.

Mzee wa Mtaa amejibu:
Kwa heshima, naona wazee wa ukoo wangeitwa kwanza, kwa kuwa mambo ya nyumbani yakifika hospitalini hayarudi.

Nimepita Huko amejibu:
Mzee wangu, shikamoo. Kwetu wazee waliitwa. Walikula, wakapokea mbuzi wawili kwa niaba ya baba, na mimi nikaambiwa nisamehe. Hakuna aliyeniuliza kama ninalala.

Dada, mshauri wangu wa kwanza alinihubiria, nami nikaacha kwenda kwa karibu mwaka mzima nikidhani kwamba ushauri nasaha wote ndivyo ulivyo. Wa pili alisikiliza zaidi kuliko alivyosema, wala hakunilazimisha kusimulia tukio lenyewe hadi nilipokuwa tayari. Mdogo wako asione aibu kuomba abadilishiwe mshauri. Pia wekeni nauli ya safari kadhaa kabla hamjaanza, kwa sababu mimi nilikatiza mara mbili kwa kukosa nauli tu, na kuanza upya kuliniumiza kuliko kuanza.

Kama jamaa huyo anaishi na watoto, hilo ni suala jingine lisilongoja apone: simu ya watoto ni 116, na wewe mwenyewe unaweza kuipiga.

Dada wa Malindi amejibu:
Nawashukuru. Anao wawili nyumbani kwake, na nikiri kwamba sikuwa nimewafikiria. Nitapiga leo jioni. Mdogo wangu amesoma majibu yote na amenituma niulize jambo moja tu: anaweza kuomba mshauri mwanamke?

Muuguzi wa Pwani amejibu:
Anaweza. Aseme hivyo anapopokelewa, kabla hajaeleza lolote, na aombe kueleza yake ndani ya chumba, si kwenye foleni.