Utafiti wa Ukimwi kwa tumbili na nyani: uendelee au ufungwe?

Mtafuna Miwa (mleta mada)
Wakuu, naleta hii mniambie kama inanikera mimi peke yangu. Pale Karen, Nairobi, ndani ya msitu wa Oloolua, kuna taasisi ya utafiti wa nyani. Ilianzishwa na Louis Leakey mwaka 1960, enzi hizo ikiwa Tigoni. Wanafuga nyani na tumbili kwa ajili ya tafiti za magonjwa ya binadamu, Ukimwi ukiwemo. Mwaka 2014 magazeti ya Uingereza yaliandika kwamba watafiti wa chuo cha Newcastle walikuja hapo kufanya kazi na nyani waliokamatwa porini, kitu ambacho kwao Uingereza hakiruhusiwi. Na Wamarekani wameshaachana na sokwe kabisa, taasisi yao ya taifa ya afya ilitangaza mwaka 2015 kwamba waliobaki wote wanastaafishwa.

Sasa swali langu ni moja. Ukimwi dawa zipo, watu wanaishi mpaka wanaona wajukuu. Hawa wanyama tunaendelea kuwadunga sindano za nini? Naomba hoja. Matusi yapelekeni jukwaa la siasa.

Jabali la Ziwa
Wafunge tu. Huu ugonjwa wenyewe si waliutengeneza kwa hao hao tumbili wetu? Halafu wanarudi kujifanya wanatibu.

Dada wa Maabara
@Jabali la Ziwa, kaka, hakuna aliyeutengeneza. VVU vya aina iliyoenea dunia nzima vilitoka kwa sokwe wa kusini-mashariki mwa Kamerun, vikaanza kusambaa Kinshasa wakati wa Wabelgiji. Kuna sampuli ya damu ya Kinshasa ya mwaka 1959 ambayo ilikutwa na virusi. Mwaka 1959 hakuna maabara duniani iliyokuwa inajua hata kama kirusi hicho kipo. VVU-2, ile ya Afrika Magharibi, ilitoka kwa kima wa huko huko. Tumbili wetu hawajampa mtu yeyote Ukimwi.

@Mtafuna Miwa, "dawa zipo" umeitamka kirahisi sana. Tenofovir, iliyomo ndani ya TLD, kidonge cha ARV wanachomeza wagonjwa wetu kila siku, mwaka 1995 ilijaribiwa Marekani kwa kima wa Asia. Walidungwa SIV, yaani kirusi ndugu wa VVU, na waliopewa dawa hawakuambukizwa. PrEP mnayoisikia leo, dawa ya kumeza kabla hujaambukizwa, mizizi yake ipo hapo.

Na mimi nipo benchi ya damu miaka mingi. Analetwa mgonjwa, virusi vimefubazwa, havionekani kabisa kwenye kipimo, lakini CD4, yaani hesabu ya seli za kinga, imegoma kupanda. Mwingine CD4 nzuri ila moyo unamsumbua akiwa na miaka arobaini. Kinga yake haitulii, inapigana hata pasipo adui wa kuonekana. Sasa mchukue tumbili. Porini wakubwa wengi wana SIV. Damu yake imejaa virusi kuliko mgonjwa wangu, na haugui. Wiki za mwanzo kinga yake inashtuka kama ya kwetu, halafu inajizima. Utumbo wake hauvuji, bakteria hawaingii kwenye damu. Hata baadhi ya seli zake za kinga zinaondoa CD4 kwenye ngozi yake, na hiyo ndiyo kirusi hushika kuingia, kwa hiyo kinakosa mlango. Mpe kima wa Asia kirusi cha jamii hiyo hiyo, anapata Ukimwi na anakufa. Hilo ndilo swali la kuuliza: tumbili anafanya nini ambacho sisi hatufanyi? Na huyo mnyama anaishi kwetu, hayuko Ulaya.

Jabali la Ziwa
Unasema "hakuna aliyeutengeneza" kama vile ulikuwepo. Na Marburg? Wale tumbili waliopelekwa Ujerumani kutoka Kenya wakaua wazungu?

Wakili Mtupu
Walitoka Uganda. 1967. Waliugua watu 31, wakafa 7, na waliougua kwanza walikuwa wafanyakazi wa maabara waliokuwa wakipasua figo za hao tumbili kutengenezea chanjo. Kama unataka kutisha watu, tisha kwa ramani sahihi.

Jabali la Ziwa
Kenya, Uganda, ni mpaka wa wakoloni tu huo. Hoja yangu iko palepale.

Mkulima wa Kilosa
Mimi nikisoma huruma zenu nacheka peke yangu hapa kibandani. Mtoa mada njoo Kilosa wiki moja tu, mahindi yakiwa yanatoa maziwa. Tumbili hali hindi akamaliza. Anavunja, anang'ata mara mbili, anatupa, anavunja lingine. Mmoja anakaa juu ya mwembe analinda wenzake. Mke wangu akienda kuwafukuza wanamwangalia tu, wanajua ni mwanamke, wanaendelea kula. Nikitokea mimi ndiyo wanakimbia. Watoto hawaendi shule msimu huo, wanashinda shambani na debe. Hao wa maabara kama wamepungukiwa waje wachukue wangu wote. Bure. Nauli nalipa mimi.

Mpenda Misitu
@Mkulima wa Kilosa, aibu. Huyo tumbili alikuwepo hapo kabla ya babu yako. Mmefyeka msitu kwa mkaa mpaka mtoni halafu mnashangaa mnyama anakula mahindi. Ulitaka ale nini, mkaa?

Mkulima wa Kilosa
Mkaa wa Kilosa unapikia nani, dada? Si nyie wa Dar? Wewe wali wako wa jana umepikwa kwa maombi?

Mpenda Misitu
Mimi natumia gesi. Na mimi ni mwanaume.

Mkulima wa Kilosa
Basi kaka mwenye gesi, nisamehe. Tumbili wako wamekusalimia.

Mama Tatu
Jamani 😂 nimecheka hadi mtoto ameamka. Lakini mkulima ana hoja. Tembo akila shamba serikali inatoa kifuta jasho, japo kidogo. Kwa tumbili sijawahi kusikia mtu amelipwa hata senti.

Wakili Mtupu
Kanuni za kifuta jasho ni za mwaka 2011, na zinawalenga wanyama wakali wakubwa: tembo, simba, kiboko na wenzao. Hata kwa hao wanapima umbali wa shamba lako na mpaka wa hifadhi. Kwa kanuni hizo za 2011, ukiwa ndani ya mita 500 hupati kitu, ukiwa mbali unalipwa kwa ekari, tena mwisho ekari tano. Kwa hiyo kisheria tumbili ni mali ya serikali mpaka anapoingia shambani kwako. Akishaingia ni wako.

Mkulima wa Kilosa
Huyu wakili nimempenda.

Sokwe wa Kasekela
Ngojeni kwanza, mmeruka mbali. Mimi ni mtu wa Kigoma. Gombe pale waligundua sokwe wenye SIV na wao wanaugua, tofauti na huyo tumbili wa dada. Utafiti ulitoka 2009: kati ya sokwe 94 waliofuatiliwa, 17 walikuwa na kirusi, na hatari yao ya kufa ilikuwa mara 10 hadi 16 ya wenzao wa umri ule ule. Na walijuaje? Waliokota kinyesi na mkojo chini ya miti. Vijana wetu wa Kigoma wanatembea nyuma ya sokwe tangu alfajiri, akijisaidia wanachukua sampuli, wanaandika jina lake, wanaendelea. Hakuna banda wala aliyekamatwa kwa wavu. Sokwe aliyekufa mwenyewe ndiye aliyepasuliwa. Sasa kama hayo yote yamepatikana kwa kuokota mavi, Karen wanafunga wanyama kwa sababu gani?

Dada wa Maabara
Kaka wa Kigoma, swali zuri, na jibu lipo. Kwa kinyesi unajua nani ana kirusi na nani amekufa. Hujui kirusi kimefika lini, na hujui nini kilitokea kwenye tezi na utumbo siku ya kumi. Kwa tumbili siri yote iko kwenye wiki zile za mwanzo, na porini huwezi kuziona.

Mpenda Misitu
"Siri yote iko kwenye wiki za mwanzo", kwa hiyo mnamwambukiza makusudi muione. Mngeanza na huo ukweli tangu posti ya kwanza badala ya kutupigia somo la utumbo.

Dada wa Maabara
Somo la utumbo ndilo linalokufanya wewe ukae na gesi yako ukiwa na afya. Sikuficha kitu. Nimeandika "walidungwa SIV" wazi, rudi kasome.

Mtafuna Miwa (mleta mada)
Naomba turudi kwenye mada. Dada, nakubali ya dawa. Na chanjo je? Kila mwaka tunaambiwa imefanya vizuri kwa nyani. Ikija kwa watu inagonga mwamba. 2007 ile ya STEP ilisimamishwa. Afrika Kusini Februari 2020 wakasimamisha nyingine, watu zaidi ya 5,000. PrEPVacc ya kwetu, Masaka, Mbeya, Dar, ikasimama Desemba 2023. Kama kima wa Asia anatudanganya kila mara, kwa nini tuendelee kumwamini?

Mama Tatu
Kumbe hiyo ya Mbeya iliishia hivyo? Binamu yangu alikuwa mshiriki. Walikuwa wanampa nauli na soda.

Jabali la Ziwa
Mnaona sasa? Majaribio. Soda moja.

Mama Tatu
@Jabali usimfanye binamu yangu mjinga. Alisoma karatasi, alielezwa kwa Kiswahili, aliuliza maswali, akasaini. Ana akili kuliko wewe unayedhani Uganda ni Kenya.

Sokwe wa Kasekela
Binamu alisaini. Tumbili alisaini wapi?

Mkulima wa Kilosa
Tumbili alisaini kwenye mahindi yangu. Alama za meno zipo.

Wakili Mtupu
Mnabishana kuhusu Karen wakati biashara yenyewe ilikuwa huku. Mmesahau tumbili 61 wa 2016? Walikamatwa uwanja wa ndege wa Kilimanjaro wakipelekwa Albania. Albania! Baada ya hapo serikali ikapiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai. Juni 2022 wakatangaza kufungua kwa muda, kelele zikapigwa, wakasitisha ndani ya siku chache. Anayetaka kujadili haki za tumbili aanze na anayemuuza.

Mpenda Misitu
Hapo tuko pamoja. Wasiuzwe hata mmoja.

Mkulima wa Kilosa
Mimi nilisikitika sana walipozuia. Kijana mmoja wa kijijini kwetu alikuwa anajua kuwatega hadi nikapumzika misimu miwili. Sasa hivi anaendesha bodaboda, na tumbili wamerudi na ukoo mzima. Mtu asiuze, asiue, asilipwe, afanyeje?

Wakili Mtupu
Kuua bila kibali usiandike hapa. Kila mtu anasoma.

Dada wa Maabara
@Mtafuna Miwa, nakujibu ya chanjo ingawa naona nimebaki peke yangu. Kima wa Asia hakudanganya kila mara. Kwa dawa alisema kweli, kwa chanjo ndiyo alitupoteza, kwa sababu kirusi wanachomwambukiza maabara ni kimoja kinachojulikana na VVU vya mtaani ni maelfu. Mimi hiyo inanifanya nitake tuangalie zaidi kwa tumbili wa kwetu, ambaye hahitaji chanjo kabisa. Nataka kujua kinga yake inajizimaje. Chanjo ni habari nyingine.

Mpenda Misitu
@Mkulima jaribu mbwa.

Mkulima wa Kilosa
Mbwa wangu alipigwa makofi na nyani dume mwaka juzi, tangu siku hiyo halali nje.

Mama Tatu
Nimesikia Morogoro wanapaka pilipili iliyochanganywa na oili chafu kwenye kamba kuzunguka shamba.

Mkulima wa Kilosa
Hiyo ni ya tembo, mama. Tumbili anapita juu ya kamba. Ila kama kuna mtu ana uzoefu wa wavu wa kuvulia wa Mwanza aseme, na bei ya mita, mahindi yangu yana wiki tatu.

Mtafuna Miwa (mleta mada)
Wakuu, Karen jamani.

Sokwe wa Kasekela
Wavu wa Kigoma ni imara zaidi. Njoo pembeni nikupe namba ya jamaa.