Fungu la elimu ya viungo: kocha, vifaa au mafunzo ya walimu?

Swali: Shule yetu ya msingi imepata fungu la fedha lisiloruhusiwa kutumika nje ya elimu ya viungo na michezo. Wajumbe wengi wa kamati wanataka kocha wa kutoka nje. Mimi nasita, kwa kuwa fedha zikikoma naye ataondoka. Wenzangu mmelitumiaje?

Jibu la 1: Ndugu, wasiwasi wako una msingi. Kwetu kocha alifundisha mwaka mzima huku mwalimu wa darasa akisahihisha madaftari pembeni ya uwanja, na alipoondoka hakuna aliyejua hata namna ya kuwapasha watoto misuli moto. Mlipeni afundishe bega kwa bega na mwalimu, kisha amwachie kipindi akiwa bado yupo kumrekebisha.

Jibu la 2: Naunga mkono, ila msidharau vifaa. Mpira mmoja kwa watoto 40 maana yake wengi wao wamesimama foleni, ilhali Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 17. Kamba za kuruka ni rahisi, na hazihitaji kocha.

Muulizaji: Nashukuru. Hoja ya madaftari nitaifikisha kwenye kamati kama ilivyo.