Intanshipu: kampuni kubwa ya uthamini au ofisi ndogo ya ukaguzi wa nyumba, mnaona wapi?

Kamba_Mita50
Wakuu habari zenu. Nipo mwaka wa pili, nasomea mambo ya ardhi na majengo, likizo ndefu hii nataka nifanye intanshipu na nimebahatika kupata sehemu mbili, tatizo wote wanataka jibu kabla ya Ijumaa na kichwa kinaniuma.

Ya kwanza kampuni kubwa, wiki 10, idara ya uthamini wa majengo ya biashara, yaani maofisi na maghala. Posho ipo, laptopu wanakupa, kitambulisho cha kuning'iniza shingoni nacho kipo 😂. Ya pili ofisi ya watu wanne tu, wiki 8, wanapima na kukagua nyumba za makazi kabla mtu hajanunua, wao ni nauli tu basi. Kwenye usaili kule kwa wakubwa waliniuliza Excel naijua kiasi gani, kule kwa wadogo mzee mwenye ofisi aliniuliza kama naogopa ngazi. Naelekea kwa wakubwa kwa sababu ya CV ila roho haijatulia. Waliopita huko naombeni ulinganisho wa kweli.

PangusaVumbi
Kubwa. Unafikiria nini sasa? Ukimaliza chuo hakuna atakayekuuliza ulipanda ngazi ngapi.

Mama_Mikataba
Mdogo wangu, mimi nipo kwenye uthamini wa biashara mwaka wa 9 huu. Intan kwa wakubwa kazi yake ni kutafuta majengo ya kulinganisha, unapiga simu kwa madalali kuuliza lile ghala lilipangishwa kwa ngapi na lini, nusu yao hawakujibu, unaingiza kwenye Excel, kisha unapewa mkataba wa pango kurasa 60 unaambiwa toa yaliyo muhimu. Wiki mbili za mwanzo utasinzia. Lakini hapo ndipo thamani inapotoka, usidharau.

Chukua jengo linaloingiza kodi 120,000 kwa mwaka, pesa weka unayoitaka wewe. Soko likisema mnunuzi anataka faida ya asilimia 8 kwa mwaka, unagawa 120,000 kwa 0.08, unapata 1,500,000. Shusha hiyo asilimia iwe 7.5, inakuwa 1,600,000. Laki nzima imetoka kwenye nusu asilimia! Sasa bosi anakuuliza hiyo 7.5 umeitoa wapi, na ukisema "nimeona inafaa" umekwisha. Na mkataba nao usome hadi mwisho, niliwahi kuona intan kaandika pango la miaka 10 kumbe kuna kifungu mpangaji anaweza kuondoka mwaka wa 3, hayo ni majengo mawili tofauti kabisa kithamani hata kama ukuta ni ule ule.

Ila ukienda huko uliza mapema kama watakutoa saiti. Wapo wanaomaliza wiki 10 hawajashika ukuta.

Futi_Kavu
Naenda kinyume na Pangusa, nenda ofisi ndogo. Ngoja nikupe aibu yangu mwenyewe ndiyo utaelewa.

Wiki ya pili tu nikaachiwa kifaa cha leza nipime nyumba ya vyumba 14, nikajiona injinia. Napima naandika, napima naandika, saa moja na nusu nimemaliza, mchoro safi. Jioni mkuu wangu anajumlisha anaona vyumba vya ndani ukiweka na unene wa kuta haifiki upande wa nje. Akachukua leza akaitazama sekunde tatu, akacheka. Hiyo mashine unachagua ianze kuhesabu kutoka kitakoni au kutoka mbele, mtu aliyeitumia kabla yangu aliacha kwenye mbele na mimi nilikuwa nabandika kitako ukutani. Kwa hiyo kila kipimo kilipungua urefu wa kifaa chenyewe, sentimita 12. Unaona ndogo eee? Chumba cha 4.20 kwa 3.60 ni mita za mraba 15.12, mimi niliandika 4.08 kwa 3.48, inakuja 14.20. Karibu mita moja ya mraba imepotea chumba kimoja, zidisha mara 14 uone umeiba sebule ya mtu. Tukarudi kesho yake, mwenye nyumba anatuangalia tu, na mimi ndiye niliyegonga mlango.

Tangu siku hiyo nikifika saiti kitu cha kwanza napima mlango mmoja kwa leza halafu kwa futi ya kawaida, zikikubaliana ndiyo naanza. Chuo tulifundishwa leza, tukafanya na mtihani, na bado nilikosea. Ofisi ndogo unakosea mapema na mtu anakuona siku hiyo hiyo.

PangusaVumbi
Sasa hiyo si ungesoma tu maelekezo ya kifaa?

Futi_Kavu
@PangusaVumbi ningesoma mkuu. Sikusoma. Ndiyo maana nasimulia.

Nyufa_Hadi_Dari
Naongezea upande wa ukaguzi maana huko ndiko nilipo. Utakachojifunza kwa mzee wa ngazi ni kutazama, nasema kutazama siyo kuona. Ufa: upana wake milimita ngapi, unapanuka juu au chini, unafuata mistari ya matofali au unayapasua, na je upande wa pili wa ukuta upo? Chini ya milimita 1 kwa kawaida ni wa rangi na plasta tu, ukianza kupita 5 hapo unaacha utani na unafikiria msingi. Dirisha bado linafunguka? Mlango unakwaruza chini? Hivyo vinaongea kuliko ufa wenyewe.

Na unyevu ndiyo utakunyoosha. Kipima unyevu cha sindano kimetengenezwa kwa ajili ya mbao, ukichoma kwenye plasta namba inayokuja ni ya kulinganisha sehemu na sehemu tu, chumvi ukutani inatosha kuidanganya. Mimi nilichoma juu ya skatingi, ule ubao wa chini ya ukuta, kifaa kikalia, nikaandika kwa kujiamini unyevu unapanda kutoka ardhini. Mzee hakusema kitu, akanitoa nje hadi nyuma ya ukuta ule ule. Mwenye nyumba alijaza udongo wa bustani ukapita lile tabaka la kuzuia unyevu kama kiganja hivi. Dawa yake koleo tu, kuondoa udongo! Mimi nilishapendekeza mafundi wa kemikali.

Usalama pia, darini kanyaga juu ya mbao, usikanyage nafasi iliyo kati ya mbao na mbao, na waulize bima yao inakuhusu wewe intan au la. Hili watu wanaona aibu kuliuliza.

Mpima_Mipaka
Samahani naingilia, ila kijana hakikisha unajua unachoingia, maana watu wanachanganya. Hapo hakuna mambo ya GPS na mawe ya mipaka, hiyo ni kazi yetu sisi. Hata uthamini na ukaguzi wa majengo siyo kitu kimoja, RICS, taasisi ya Uingereza ya wataalamu wa ardhi na majengo ambayo ipo tangu 1868, inazitenganisha hizo njia kwa anayetaka kusajiliwa, na mkadiriaji majenzi, yule wa gharama za ujenzi, naye ana yake. Kwa hiyo swali la ukubwa wa kampuni kwangu ni la pili.

Mama_Mikataba
@Mpima_Mipaka umenena. Mdogo wangu piga simu kote kuwili, uliza mambo mawili tu: kwa wiki nitatoka saiti mara ngapi, na ripoti nikiandika nani anaisahihisha. Kusaini hutasaini wewe, usiwe na wasiwasi, lakini kuandika uandike.

Kamba_Mita50
Nimerudi wakuu. Nimepiga. Wakubwa wamesema saiti "nafasi ikitokea", ripoti kuna fomati, najaza sehemu za maelezo ya jengo halafu inapanda juu kwa wakaguzi wa ndani, sitaiona tena. Yule mzee kasema nyumba tatu kwa wiki, kila jioni nitaandika ya kwangu na yeye ataandika ya kwake, tunalinganisha, na ya kwangu itajaa wino mwekundu "mwezi mzima, usilie". Bima amesema ipo, atanionyesha karatasi.

Nimechukua kwa mzee. Posho inauma sitadanganya. Kule kwa wakubwa nimewaandikia kwa heshima nikaomba wanifikirie likizo ijayo, wamejibu sawa tuma maombi tena.

PangusaVumbi
Utakuja kulia kwenye uzi huu huu 😂 ila kila la heri, kweli.

Kamba_Mita50
@PangusaVumbi amina 😂. Swali la mwisho, viatu vya sefti huwa wanatoa au najinunulia? Naanza Jumatatu.

Futi_Kavu
Muulize leo, asubuhi ya Jumatatu mzee hatakusubiri. Na nunua futi yako mwenyewe, ya mita 5, iwe na jina lako juu.