Naomba ushauri: kugeuza nyumba ya mawe ya babu, Kilwa, kuwa nyumba ya wageni

Mkazi wa Tabata: Ndugu wanajamvi, kijijini kwetu wilayani Kilwa kuna nyumba ya babu ya mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, ambayo nakusudia kuigeuza nyumba ya wageni. Chumba kikuu kina mita 5, lakini kuta zinatoa unyevu na chumvi. Fundi anataka kupiga plasta ya saruji. Je, nimkubalie?

Fundi Chokaa: Usimkubalie. Ukuta wa matumbawe hunyonya maji ya ardhini na kuyatoa kupitia chokaa. Ukiuziba kwa saruji, maji hupanda juu zaidi, chumvi hujikusanya nyuma ya plasta, na hatimaye plasta huanguka pamoja na vipande vya ukuta.

Mama Mwenge: Kwetu Pangani marehemu mjomba alisifiwa sana kwa kuta zake za saruji. Masika yalipopita tulihamia barazani.

Mzee wa Ilala: Tafuta kwanza mwaka wa ujenzi, kwa kuwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda majengo ya kabla ya 1863. Pita pia Boma la Kale hapa mjini, lililojengwa kwa matumbawe miaka ya 1860 kwa ajili ya wageni wa Sultani Majid, na ambalo leo lina kituo cha urithi wa usanifu. Halafu utueleze: nyumba hiyo ni ya nani?

Mkazi wa Tabata: Mirathi haijagawanywa, na shangazi bado anaishi humo. Hata hivyo saruji nimekwisha kuinunua, na shangazi nitamjengea chumba uani, tena kizuri kuliko alichonacho.

Binti Kariakoo: Yaani mgeni alale chumbani na mwenye nyumba alale uani! Hiyo si heshima kwa dada wa baba yako.

Msomaji Kimya: Mimi nina shaka na kisa hiki. Boriti ya mkoko haizidi sana mita 3, ndiyo maana vyumba vya nyumba hizo ni vyembamba. Hizo mita 5 zimebebwa na nini? Huenda mwenzetu anatunga, au anauza saruji.

Mkazi wa Tabata: Mita 5 ni urefu. Upana ni hatua tatu hivi.

Fundi Chokaa: Basi inawezekana. Boriti zilizooza zisibadilishwe kwa mikoko iliyokatwa bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Saruji yako itafaa kwa vyoo vya wageni, mbali na kuta za zamani, ila usifungue mfuko hata mmoja kabla shangazi na warithi wengine hawajatia saini.